Apumzike, Pumzika au Amepumzika? Maneno ya kwenye mawe ya makaburi yanasema nini hasa

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la familia tulikuwa na kazi moja tu, kuchagua maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi la babu. Kazi ya dakika kumi. Ikala siku nne. Binamu mmoja akaandika "wekeni RIP tumalize", shangazi akaja juu kwamba RIP ni ya Wakatoliki na sisi sio Wakatoliki, mwingine akasema kasoma mahali kuwa RIP maana yake ni "Return If Possible" (ule utani wa mtandaoni, ila yeye aliuamini kabisa na akaomba tusiandike kitu cha kumrudisha mzee), halafu mjomba ambaye huwa hachangii chochote zaidi ya kidole gumba akatupia swali: kwa nini mnaandika "marehemu" na sio "hayati", kwani baba yangu alikuwa mtu mdogo? Basi grupu likawaka moto.

Na sio sisi tu. Kila akifa mtu maarufu komenti zinajaa ugomvi huo huo, nani aandikiwe RIP na nani asiandikiwe, hayati ni nani, marehemu ni nani. Wengi wanabishana kuhusu herufi ambazo hawajawahi kukaa chini wakajua zinasimamia nini. Mimi nina tabia moja ya ajabu, nikienda kuzika huwa nabaki nyuma nasoma mawe ya wengine, kwa hiyo hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu, ngoja nilifumue taratibu.

Kwanza tuelewane. Jiwe la kaburi lina taarifa, yaani jina na tarehe, hizo hazina shida sana (zina shida kidogo, nitafika huko). Zaidi ya taarifa kuna yale maneno ya asili, yanayorudiwa jiwe baada ya jiwe karne baada ya karne, mengine yamefupishwa kuwa herufi tu. Hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanayasoma kama taarifa wakati mengi sio taarifa. Ni maombi. Dawa yake ni kujiuliza, hapa anaongea nani, na anaongea na nani? Ukipata jibu la hilo nusu ya mabishano inaisha yenyewe.

RIP, na hadithi ya herufi e

RIP ni Kilatini, requiescat in pace. Kwamba kwa Kiingereza nako inaangukia Rest In Peace ni bahati tu ya herufi kufanana, na bahati hiyo ndiyo imefanya watu waamini kifupisho kilizaliwa kwenye Kiingereza. Sasa utamu uko kwenye neno la kwanza. Requiescat sio "pumzika". Ni "apumzike", au tuseme "na apumzike". Msemaji haongei na marehemu hata kidogo, anaongea na Mungu kuhusu marehemu. Wakiwa wengi kaburini inakuwa requiescant, wapumzike, na herufi zinabaki zile zile RIP.

Kiswahili kina zawadi hapa ambayo lugha nyingine hazina kwa urahisi huu. Tazama: "amepumzika" ni taarifa, nakuambia lililokwisha kutokea. "Pumzika" ni amri, namwambia mtu usoni. "Apumzike" ni ombi. Ile e ya mwisho ndiyo inayopiga magoti. Ni e ile ile ya "Mola ailaze roho yake mahali pema peponi" na ya "raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani". Umeona? Sala ya Kikatoliki ya Kiswahili imeitunza maana ya Kilatini vizuri kabisa, apumzike, ila sisi kwenye mawe na kwenye posti tukaenda kukopa kwa Kiingereza tukapata "Pumzika kwa amani", tukamgeukia marehemu tunamwambia apumzike kama vile alikuwa anakataa. Sisemi ni kosa, lugha inatembea, na kuna joto fulani katika kumsemesha mtu wako moja kwa moja. Ila ujue ulichokisema.

(Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni ndio maana "Mungu amrehemu" haina e lakini ni ombi vile vile. Mwalimu wangu wa Kiswahili akisoma hapa atafurahi.)

Kabla ya requiescat kuzoeleka Wakristo wa kale waliozikwa kwenye mahandaki ya Roma waliandikiwa mara nyingi "in pace" tu, katika amani, au "dormit in pace", amelala katika amani. Hiyo ya kulala sio pambo. Neno la Kigiriki walilolitumia kuita makaburi, koimeterion, maana yake ni mahali pa kulala, na kutoka hapo Wazungu wakapata majina yao ya makaburi mpaka leo. Kwa hiyo ukikuta "hic jacet", hapa amelala, au "amelala katika Bwana", wazo ni kwamba anayelala ataamka. Ni tamko la imani kuhusu ufufuo na mwandishi hajakwepa neno kifo kwa aibu.

Na shangazi? Shangazi hakuwa amekosea sana, niseme ukweli. Madhehebu mengi ya Kiprotestanti tangu enzi za matengenezo ya kanisa (Reformation) yalikataa kuwaombea wafu, yakisema mtu akishafariki hukumu iko kwa Mungu na dua yako haiongezi kitu. Sasa kama RIP ni dua kwa ajili ya mfu, Mprotestanti mwenye msimamo alikuwa na sababu ya kuikwepa, na wengi walipendelea kuandika mstari wa Biblia, mfano ule wa Paulo, nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, imani nimeilinda, au wa Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Ukisoma hiyo miwili hakuna ombi kwa ajili ya mfu ndani yake. Siku hizi wengi wao wanaandika RIP bila kuwaza, imeshakuwa salamu.

Marehemu na hayati

Hapa ndipo grupu letu lilipochafuka zaidi. Marehemu ni neno la Kiarabu, marhum, yaani aliyerehemewa. Kwa umbo linaonekana kama taarifa, kwamba huyu tayari Mungu kamrehemu, na ndio maana wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaosema ni bora useme "Mungu amrehemu" kuliko kumwita mtu marhum kana kwamba umeiona hukumu yake. Wengine wanajibu kwamba aliyesema anakusudia dua, sio kutoa ripoti, kwa hiyo hakuna shida. Ona, ni ule ule ugomvi wa ombi na taarifa, kwa dini nyingine na lugha nyingine.

Hayati nalo ni Kiarabu, ila linatoka kwenye neno la uhai. Ajabu kidogo, kumwita aliyekufa kwa jina la uhai. Kwa matumizi ya kila siku limekuwa la heshima, tunalisikia zaidi kwa viongozi na watu wakubwa, lakini ule msemo kwamba hayati ni ya Wakristo na marehemu ni ya Waislamu hauna mguu, maneno yote mawili yametoka nyumba moja na yanatumika kwa watu wa dini zote. Kwa hiyo mjomba alikuwa na haki ya kutaka hayati kwa heshima, ila kama hoja ilikuwa kwamba "marehemu" inamshusha babu, hapana. Kumwita mtu aliyerehemewa ni kumshushaje?

Na "fariki" pia lina siri yake, kwa Kiarabu shina lake linahusu kuachana, kutengana. Ndio maana usemi wa zamani ulikuwa "alifariki dunia", aliachana na dunia.

Kuna jiwe moja la kaburi kwenye makumbusho ya sanaa ya Kiislamu pale Cairo, ni miongoni mwa mawe ya zamani kabisa ya Kiislamu yenye tarehe, mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 31 Hijria (kalenda ya Kiislamu), sawa na mwaka 652. Lilikuwa la mtu aitwaye Abd al-Rahman ibn Khayr al-Hajri. Linaanza na Bismillah, linasema hili ni kaburi la fulani, linamuomba Mwenyezi Mungu amsamehe na amuingize kwenye rehema yake, halafu linamgeukia anayesoma: ukisoma maandishi haya mwombee msamaha na useme amina. Hesabu wasikilizaji, Mungu kwanza, kisha wewe mpita njia. Mwenye kaburi mwenyewe hasemeshwi. Ni zaidi ya miaka 1,300 na bado lile jiwe linakuomba amina.

Mawe ya Waturuki wa enzi za dola ya Osmaniya (Ottoman) yanafanya kitu cha kupendeza zaidi. Juu kabisa unakuta "Huwa al-Baqi", Yeye ndiye wa kubaki. Asiyejua anaweza kudhani ni jina la aliyelala hapo, kumbe mstari wa kwanza haumhusu yeye kabisa, unamhusu Mungu, na jina la mtu linakuja chini huko. Mwishoni unakuta ombi la Fatiha kwa ajili ya roho yake. Msomaji anapewa kazi.

Na wapo wanaodhani Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, yaani sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, ni ya kifo tu, ila haikushushwa kama maneno ya msiba wa kifo peke yake. Aya yake, Al-Baqara 156, inazungumzia watu wanaosema hivyo wakifikwa na msiba, na aya inayotangulia inataja hofu, njaa, kupungukiwa mali, nafsi na mazao. Ukipoteza ng'ombe unaweza kuisema. Na tuwe wakweli kwamba Waislamu wengi hawaandiki chochote kaburini kwa sababu ipo hadithi ya Mtume aliyoipokea Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi, inayokataza makaburi kupakwa chokaa na kuandikwa, kwa hiyo ukikuta kaburi halina neno hata moja usidhani limetelekezwa.

Warumi na udongo mwepesi

Warumi wa kale walizika nje ya mji, sheria yao ya zamani ya Meza Kumi na Mbili ilikataza kuzika ndani, kwa hiyo makaburi yakapangwa kando ya barabara kuu kama mabango. Ndio maana mawe yao yana kelele, "siste viator", simama ewe msafiri. Wapita njia walikuwa wengi, na jiwe likawa linaomba dakika moja.

Juu ya mawe hayo utakuta D M, Dis Manibus, kwa miungu ya wafu. Chini S T T L, sit tibi terra levis. Hii naipenda kuliko zote: udongo uwe mwepesi juu yako. Hapa anasemeshwa mfu, na ombi lenyewe ni dogo, la mwili, mchanga usikulemee. Mtu yeyote aliyewahi kusimama akisikia koleo la kwanza la udongo likigonga jeneza anaelewa kwa nini mtu angeomba hivyo. Na wapo waliokuwa na dharau zao, kuna kifupisho kirefu kinachofumuka hivi: sikuwepo, nikawepo, sipo, sijali. Walikiandika mara nyingi kiasi kwamba herufi peke yake zilitosha, kila mtu alijua.

Sasa cha kuchekesha, D M ya miungu ya wafu inakutwa pia kwenye mawe ya Wakristo wa mwanzo. Maneno ya makaburini huwa yanaganda. Watu wanayaandika kwa sababu ndivyo jiwe la kaburi linavyoandikwa, maana yenyewe ilishakwenda zamani, kama sisi tu na RIP.

Sio laana

Mpita njia akisemeshwa na jiwe anaogopa, na hapo ndipo uvumi wa laana unapozaliwa. Ule mstari maarufu wa zamani, ulivyo wewe nilikuwa mimi, nilivyo mimi utakuwa wewe, umerudiwa Ulaya kwa karne nyingi na watu huutafsiri kama kitisho. Mchoraji Masaccio aliuweka juu ya mifupa aliyoichora kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, Florence, miaka ya 1420. Ni ukumbusho tu, jiandae, ukipenda niombee. Hakuna mzimu anayekutafuta.

Laana ya kweli ipo lakini, kwenye kaburi la Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza aliyefariki 1616. Jiwe lake halina hata jina, lina shairi fupi linalombariki anayeyaacha mawe yale na kumlaani atakayeihamisha mifupa yake. Kisa chenyewe hakina uchawi, enzi hizo mifupa ya zamani ilikuwa inafukuliwa kupisha maiti wapya. Mtu alikuwa analinda kitanda chake.

Kwenye mawe ya Wayahudi utaona herufi mbili juu, ni kifupi cha "hapa amezikwa" au "hapa amefichwa", na herufi tano chini ambazo zinafumuka kuwa nafsi yake ifungwe katika furushi la uhai. Inatoka 1 Samweli 25:29, na ukienda kuisoma utashangaa, Abigaili alikuwa anamwambia Daudi ambaye yuko hai mzima wa afya na ana panga kiunoni! Alikuwa anamtakia usalama dhidi ya maadui. Maneno ya kumwombea mtu hai uhai yakahamia kwa wafu, na yakazidi uzito.

Kwa nini herufi herufi? Kwa sababu kuchonga jiwe ni kazi, kila herufi ni nyundo na patasi, na mara nyingi ni hela. Baada ya vita vya kwanza vya dunia tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliruhusu familia ziongeze maneno yao chini ya jiwe la askari wao, mwisho herufi 66, nafasi zikihesabiwa, na walidaiwa peni tatu na nusu kwa kila herufi, jambo lililoleta manung'uniko mpaka malipo yakaachwa kuwa ya hiari. Hebu jaribu, kaa chini uandike mwanao alikuwa nani kwa herufi 66. Wale ambao miili yao haikutambulika waliandikiwa maneno yaliyochaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling, kwamba ni askari anayejulikana na Mungu. Sio "asiyejulikana". Kipling mwenyewe mwanae John alipotea kwenye mapigano ya Loos mwaka 1915, na yeye akafa 1936 bila kujua mwili wa kijana ulipo.

Zile tarehe nilizosema zina shida kidogo

Ukikuta imeandikwa alifariki "katika mwaka wa 34 wa umri wake", au kwa Kilatini anno aetatis suae 34, usiandike kwenye mti wa ukoo kwamba alikuwa na miaka 34. Fikiria mwanafunzi aliye darasa la saba, hajamaliza la saba, kamaliza la sita. Kwa hiyo huyo alikuwa na miaka 33 na kitu. Wanaotafuta koo zao wanapishana mwaka mzima kwa ajili ya hilo tu.

Jiwe lenye 1320 nalo sio lazima liwe la miaka mia saba iliyopita. Kama ni la Kiislamu hiyo ni Hijria, na 1320 imeanza 1902. Huwezi kujumlisha 622 ukamaliza, mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, unazidisha kwanza kwa 0.97 ndio ujumlishe 622, utapata karibu. Na kwenye mawe ya Kiingereza ya zamani ukiona 1731/2 mchongaji hakuwa na wasiwasi, kabla ya 1752 mwaka wao kisheria ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Januari na Februari zilikuwa na miaka miwili kutegemea unahesabu vipi.

IHS unayoikuta kwenye mawe ya Wakristo, kwa kuwa itaulizwa tu: ni herufi tatu za mwanzo za jina Yesu kwa Kigiriki. Maelezo mengine yote ya Kiingereza unayotumiwa yalibuniwa baadaye.

Turudi kwenye grupu. Siku ya nne nikaandika ujumbe mrefu kama huu, wachache walisoma, wengi wakaweka vikono vya amina. Tukakubaliana jina, tarehe, na "Apumzike kwa amani". Shangazi aliridhia kwa sharti mstari wa Paulo uwekwe chini, mjomba akapata hayati yake. Jioni fundi wa mawe akapiga simu kwa mjomba, akamuuliza kwa upole, mzee samahani, hapa mmeandika apumzike, mimi huwa naandika pumzika, hiyo e sio makosa ya kuchapa? Mjomba akamwambia iache hivyo hivyo.